Wavu unaoshika maji: haidrojeli na viunzi vya kuponyesha vidonda

Supu ya makongoro ikilala kwenye friji, asubuhi unaikuta imeganda. Ukiitikisa sufuria inatetemeka, ukichota kwa kijiko kipande kinabaki na umbo lake. Sehemu kubwa ya kipande hicho ni maji, lakini hayamwagiki. Kilichoyashika ni jelatini, yaani kolajeni, protini ya ngozi na kano za kwato, ambayo moto wa saa nyingi umeifumua ikawa nyuzi, na baridi ikazifanya nyuzi hizo zishikane hapa na pale zikawa wavu. Maji yamenaswa ndani ya wavu. Hiyo ndiyo haidrojeli.

Ipashe, inarudi kuwa supu, kwa sababu mafundo ya wavu wake ni mepesi na joto linayafungua. Yai ni tofauti: likishachemshwa, hakuna joto wala baridi litakaloligeuza tena kuwa ute. Jeli za tiba nazo ziko za namna hizo mbili. Baadhi zimefungwa kwa mafundo yanayofunguka hali ikibadilika, iwe ni joto, uchachu au chumvi iliyoko kwenye majimaji. Nyingine nyuzi zake, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zimeunganishwa kwa kifungo cha kikemia, na hiyo haiachiani mpaka kitu kiikate. Ukitaka kujua jeli fulani itafanya nini juu ya kidonda au ndani ya mwili, anza kuuliza mafundo yake yanafunguliwa na nini. Jina la kibiashara halikwambii hilo.

Haidrojeli iliingia kwenye tiba rasmi mwaka 1960, pale Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walipoeleza polima (dutu ya minyororo mirefu ya molekuli) ya kutengenezwa inayofyonza maji na kubaki laini bila kuyeyuka. Hiyo ndiyo iliyozaa lenzi laini za macho. Vidonda vilifuata baadaye, tena baada ya imani moja kongwe kuvunjwa.

Kidonda kikauke au kisikauke?

Imani hiyo ni kwamba kidonda kianikwe kipate hewa, kikauke, kifanye kigaga. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa London, alichapisha jaribio alilolifanya kwa nguruwe. Aliwatia vidonda vya juujuu vya ngozi, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya ya juu kwa kasi inayokaribia mara mbili ya vile vya wazi.

Sababu yake ukishaielewa, mengine yanafuata yenyewe. Seli za ngozi hutambaa kutoka pembezoni mwa kidonda kuelekea katikati, na hutambaa mahali penye unyevu tu. Penye kigaga hazina njia juu yake, hivyo hulazimika kuchimba chini, zikitoa vimeng'enya vya kukata njia kati ya pakavu na pabichi. Unyevu huohuo pia huhifadhi vimeng'enya vya mwili vinavyolainisha nyama iliyokufa hadi itoke yenyewe bila kukwanguliwa.

Lakini unyevu si kuloa. Ngozi ya pembeni ikikaa kwenye majimaji siku nzima inageuka nyeupe na kujikunja kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua, kisha inapasuka, na kidonda kinapanuka. Kazi yote ya kuchagua cha kufunikia ni kupima maji: kidonda kikavu kipewe, kinachovuja kipunguziwe.

Jeli ya kutoa maji

Jeli ya kwenye tyubu, ile inayovutika kidogo kama mlenda, kwa kawaida ina selulosi iliyobadilishwa kikemia asilimia 2 hadi 3, propilini glaikoli (kimiminika kinachoshika unyevu) kama moja ya tano, na kilichobaki ni maji. Kazi yake ni kuvipa maji vidonda vikavu, au vyenye utando wa njano na nyama nyeusi iliyokauka.

Namna ya kuitumia ni rahisi, na makosa yake ni rahisi vilevile. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi safi ya hospitali, yale ya gramu 9 kwa lita, kisha ikaushwe ngozi ya pembeni peke yake. Jeli ipakwe unene wa kama milimita 5 ndani ya mipaka ya kidonda, isivuke kwenye ngozi nzima. Kama kidonda ni shimo, lisijazwe hadi mdomoni, maana jeli itafyonza majimaji na kuongezeka. Juu yake kiwekwe kifuniko kisichonyonya sana, mfano karatasi nyembamba ya kunata. Hapo ndipo wengi huharibu: huweka shashi kavu moja kwa moja juu ya jeli. Shashi inanyonya yale maji, jeli inabaki kama gundi, na siku ya kubadilisha bandeji inang'oka pamoja na chembe changa zilizokuwa zimeanza kuota. Kubadilisha ni kila baada ya siku 1 hadi 3, kutegemea kidonda kinavuja kiasi gani.

Mgonjwa aambiwe mapema kwamba siku za mwanzo kidonda kitaonekana kimekuwa kikubwa zaidi. Hakijaharibika. Nyama iliyokufa imetoka na ukubwa wake wa kweli umeonekana. Asipoelezwa hilo, atakimbilia kupaka vitu vingine.

Kuna mahali jeli hii haipaswi kuguswa kabisa. Kidole cha mguu au kisigino kilichokauka na kuwa cheusi kwa sababu damu haifiki kiachwe kikavu mpaka mishipa ipimwe. Ukikilowesha unageuza uozo mkavu kuwa uozo mbichi, na bakteria hupata njia ya kupanda mguuni. Kidonda kinachovuja sana hakihitaji kuongezewa maji. Na mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili asifunikwe kwa mashuka ya jeli baridi kwa muda mrefu, kwani joto lake la mwili linaweza kushuka hadi kiwango cha hatari.

Halafu kuna kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari. Paka jeli ya bei yoyote unayotaka: ikiwa anaendelea kukikanyaga kutwa nzima, ni kutwanga maji kwenye kinu. Kiatu au plasta ya kuondoa uzito pale mahali huwa na kazi kubwa kuliko chochote kilichomo kwenye tyubu.

Jeli ya shuka ni jambo jingine, na namna moja ya kuitengeneza inavutia kwa ufupi wake. Janusz Rosiak na wenzake wa Łódź, Poland, waliibuni katika miaka ya 1980. Wanachanganya polima iitwayo PVP, nyingine iitwayo PEG, na aga kidogo (dutu ya mwani inayoganda ikipoa), maji yakiwa zaidi ya asilimia 90. Mchanganyiko unamiminwa ukiwa moto kwenye vibati vya plastiki. Aga inauganda unapopoa ili uweze kushikika, vibati vinafungwa kabisa, kisha vinapitishwa kwenye mionzi ya kipimo cha kilogrei 25. Mionzi inafanya kazi mbili kwa pigo moja: inafunga minyororo ya PVP kwa mafundo yasiyofunguka, na inaua vijidudu vyote ndani ya kifungashio. PEG imo ili wavu usikaze kupita kiasi, maana bila hiyo shuka linakuwa kakamavu na kuvunjika ukilikunja juu ya goti.

Mwani, wa kahawia na mwekundu

Kidonda kinachovuja kinahitaji kinyume chake, na hapo ndipo inapoingia alginati, dutu ya mwani wa kahawia inayofanya jeli. Bandeji yake ni nyuzi kavu kama pamba, zilizofungwa kwa kalsiamu. Majimaji ya kidonda yana sodiamu nyingi. Sodiamu inaingia kwenye nyuzi, kalsiamu inatoka, mafundo yanalegea, na nyuzi zinavimba kuwa jeli zikinywa majimaji mara nyingi ya uzito wake. Kalsiamu inayotoka nayo haiendi bure, kwani husaidia damu kuganda. Ukiiweka bandeji hiyo kwenye kidonda kikavu hakuna sodiamu ya kubadilishana nayo: nyuzi zinabaki nyuzi, zinakwama kwenye nyama, na kuzitoa ni kumtesa mtu bure.

Wasomaji wa Zanzibar watauliza, na huu mwani wetu? Ule unaolimwa Paje, Jambiani na Pemba, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu. Unatoa karajinani, hautoi alginati. Karajinani nayo inafanya jeli: ya kotonii hukaza kwa potasiamu, ya spinosamu kwa kalsiamu na hubaki laini. Inafanyiwa utafiti wa vidonda pia. Lakini maabara za dawa zimetumia karajinani kwa miongo mingi kuvimbisha mguu wa panya kwa makusudi, ili wapime dawa za kutuliza uvimbe. Kwa hiyo anayechemsha mwani nyumbani na kuupaka kwenye kidonda kilicho wazi hajui anachokipaka. Cha hospitali kimesafishwa, kimepimwa na kimetakaswa.

Kutoka kifuniko hadi kiunzi

Mpaka hapa jeli imekaa juu. Kuna vidonda ambavyo kufunika hakutoshi, mfano moto ulioteketeza ngozi hadi chini. Ngozi ya ndani, ile demisi yenye kolajeni iliyosukwa, kwa mtu mzima haioti upya. Mwili hulijaza pengo kwa kovu na kuvuta kingo zikutane. Mvuto huo kwenye shingo huinamisha kidevu hadi kifuani, na kwenye kiwiko hukunja mkono usinyooke tena.

Ioannis Yannas wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na daktari mpasuaji John Burke wa Boston waliliendea tatizo hilo kwa kuupa mwili kitu cha kushikilia. Mwaka 1981 waliripoti matokeo yao kwa wagonjwa wa moto, na mwaka 1996 bidhaa iliyotokana nayo, Integra, iliruhusiwa Marekani. Tabaka la chini ni sifongo ya kolajeni ya ng'ombe iliyochanganywa na kondroitini, aina ya sukari ya minyororo mirefu, ya gegedu la papa. La juu ni utando wa silikoni unaofanya kazi ya ngozi ya juu kwa muda, kuzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie.

Sifongo hiyo ndiyo kiunzi. Fundi wa jahazi anaposimamisha mataruma, mbavu za chombo, anayasimamisha yabaki. Kiunzi cha tishu ni kama mataruma yaliyopangwa kuoza kadiri mbao zinavyopigwa, na ugumu wote uko kwenye kulinganisha mwendo huo wa aina mbili. Kikioza mapema, seli hazina pa kushika na kovu linarudi. Kikichelewa, mwili unakizungushia ukuta kama mwiba uliobaki nyamani.

Ukubwa wa vitundu nao haubahatishwi. Kwa ngozi, kundi la Yannas liliona vitundu vya mikromita (elfu moja hufanya milimita) 20 hadi 125 vinazuia vizuri kidonda kujivuta. Vikiwa vidogo kuliko hapo, seli haziingii. Vikiwa vikubwa, kuta za kushikia zinakuwa chache na kiunzi kinakuwa kama nyumba yenye milango mingi kuliko kuta.

Vitundu hivyo hutengenezwa na barafu. Kolajeni, kama nusu gramu kwa kila mililita 100, husagwa kwenye maji yenye asidi kidogo ya siki. Chombo cha kusagia hukaa kwenye ubaridi muda wote, kwa kuwa kisu kinachozunguka huzalisha joto, na kolajeni ikipata joto inafumuka kuwa jelatini, ile ya makongoro. Uji huo hugandishwa hadi nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Chembe za barafu zinapokua zinasukuma kolajeni pembeni, na kila chembe inaacha umbo lake. Ukigandisha haraka, chembe ni nyingi na ndogo. Ukigandisha polepole, ni chache na kubwa. Kisha hewa hunyonywa, barafu inageuka mvuke bila kupitia maji, na panapobaki tupu ndipo kitundu. Anayeharakisha kupandisha joto kabla barafu haijaisha hupata maji ndani ya sifongo, na sifongo inajikunja kama mkate uliolowa.

Mwisho huwekwa kwenye tanuri lisilo na hewa, kama nyuzijoto 105, kwa saa 24, ili nyuzi za kolajeni zifungane. Lazima iwe imekauka kabisa kwanza. Kolajeni kavu inastahimili joto hilo. Yenye maji inafumuka hata kabla ya nyuzijoto 70.

Kwenye chumba cha upasuaji nyama yote iliyokufa hukatwa hadi paonekane panapotoka damu safi, damu husimamishwa, kiunzi hutandazwa na kubanwa kwa pini. Katika wiki 2 hadi 3 mishipa midogo ya damu huingia, na rangi inayoonekana chini ya silikoni hubadilika polepole kutoka nyekundu kuelekea ya pichi. Hapo silikoni hubanduliwa na kuwekwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe, nyembamba mno, ya sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Kiunzi kinachoshindwa karibu siku zote kimeshindwa kwa moja ya mambo matatu: damu iliyoganda chini yake ikakinyanyua, vijidudu, au mgonjwa kuusogeza mguu na kiunzi kikateleza.

Si kila kiunzi hutoka kiwandani. Huko Fortaleza, Brazili, madaktari na watafiti wa chuo kikuu cha Ceará wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, samaki yuleyule wa Ziwa Nyanza na Mto Nile. Ngozi yake ina kolajeni nyingi, inashikamana na jeraha na kuachwa pale kwa siku kadhaa, hivyo mgonjwa haumizwi kila siku kwa kubadilishiwa bandeji. Ila inasafishwa kwa dawa, inawekwa kwenye gliserini na kupigwa mionzi kwanza. Ngozi ya sato wa sokoni juu ya jeraha la moto ni kukaribisha bakteria.

Seli zinataka nini

Ukitaka kuweka seli hai ndani ya jeli kabla haijaingia mwilini, madai yanaongezeka. Kwanza, seli inahitaji mahali pa kushika. Alginati haina. Seli ikitiwa humo inabaki duara, kama mtu aliyening'inia majini asipate pa kukanyaga. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba mfuatano wa asidi amino tatu tu, arginini, glisini na aspateti, unatosha kuwa kishikio. Siku hizi kipande hicho hubandikwa kwenye minyororo ya alginati kama ngazi kwenye mnazi.

Pili, seli hupima ugumu wa inapokaa. Mwaka 2006 Adam Engler na wenzake walikuza seli za shina za aina moja, yaani seli ambazo bado hazijachagua kuwa za tishu gani, juu ya jeli za ugumu tofauti. Kwenye jeli laini, ya kilopaskali (kipimo cha ugumu) 1 au chini yake, zilielekea kuwa kama za neva. Kwenye 8 hadi 17, kama za misuli. Kwenye 25 hadi 40, kama za mfupa. Chakula kilikuwa kilekile.

Na kuna ufundi wa mkono ambao hauonekani kwenye vichwa vya habari. Chukua alginati asilimia 2. Unga unyunyizwe kidogokidogo kwenye maji yanayozungushwa, la sivyo unapata madonge ya uji uliokorogwa vibaya, na hayo yanachukua usiku kucha kulainika. Ukiudondoshea mchanganyiko kwenye kloridi ya kalsiamu, kama gramu 11 kwa lita, kila tone linaganda papo hapo kuwa shanga. Lakini ukitaka kipande kinene, ganda la nje linawahi kufunga na katikati panabaki laini, kama andazi lililoiva nje tu. Dawa yake ni kuficha kalsiamu ndani tangu mwanzo: kabonati ya kalsiamu, isiyoyeyuka, inachanganywa humo pamoja na glukonolaktoni inayochachuka polepole. Uchachu unaitoa kalsiamu kidogokidogo kila mahali kwa pamoja. Uwiano ni molekuli 2 za glukonolaktoni kwa 1 ya kabonati, ili mwisho pasibaki uchachu wa kudhuru seli.

Wanafunzi wengi huikwamisha kazi hiyo kwa kuosha jeli kwa bafa ya fosfati (maji ya chumvi yanayotuliza uchachu), kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka maabara. Fosfati inaishika kalsiamu na kuitoa kwenye wavu. Maji yanakuwa na weupe, jeli inalegea, na mtu anadhani alginati yake ni mbovu. Wengine huipika alginati kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, ili kuitakasa, na joto linakata minyororo, kwa hiyo jeli inayotokea ni dhaifu. Ni afadhali kuichuja ikiwa nyepesi kwa kichujio cha mikromita 0.22.

Ukuta wa damu

Yote haya yanafika mahali pamoja yanagota. Seli nyingi haziishi zikiwa mbali na mshipa mdogo wa damu zaidi ya mikromita 100 hadi 200, yaani unene wa karatasi moja au mbili, kwa kuwa oksijeni haifiki. Ndiyo maana ngozi ilitangulia, ini bado. Kibofu cha mkojo kilionekana kuwa na nafasi kwa vile ukuta wake ni mwembamba. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake waliripoti wagonjwa vijana 7 waliopandikizwa vibofu vilivyooteshwa kwa seli zao juu ya viunzi. Jaribio la baadaye kwa watoto, lililochapishwa 2014, halikuonyesha nafuu, na madhara makubwa yalitokea.

Koo la hewa lilikuwa baya zaidi. Juni 2011, huko Stockholm, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa bomba la plastiki lililopakwa seli za shina, na dunia ikashangilia. Bomba halikuwa na mishipa ya damu, wala halikuwa kiunzi cha kuoza na kupisha tishu, na lilikaa mahali panapopita hewa chafu kila pumzi. Mgonjwa alifariki 2014. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka 2 na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa watatu.

Wanaoutafutia ukuta huo wa damu kutofika njia wamerudi kwenye mafundo yanayofunguka. Mwaka 2012 Jordan Miller na Christopher Chen, wakiwa Pennsylvania, walichapa kwa mashine wavu wa vijiti vya sukari, wakaumiminia jeli yenye seli, kisha sukari ikayeyuka na kuacha mifereji ambayo damu ilipitishwa ndani yake. Wengine hutumia jelatini kwa kazi hiyohiyo. Huichapa ikiwa baridi na imeganda, huizungushia jeli nyingine isiyofunguka kwa joto, kisha huweka vyote kwenye nyuzijoto 37. Jelatini inafanya ilivyofanya kwenye sufuria ya makongoro: inayeyuka, inamwagwa, na pale ilipokuwa panabaki mrija mtupu unaosubiri kutandikwa seli za mishipa.